Maktaba ya Shule Inayosomwa: Mwongozo kwa Walimu wa Msingi Mtwara na Lindi

Shule nyingi za msingi huku kusini zina vitabu vingi kuliko inavyodhaniwa. Vipo kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, vipo stoo nyuma ya magunia ya mahindi ya uji, na vingine bado vimefungwa kwa kamba ile ile vilivyokuja nayo. Havijamfikia mtoto kwa sababu mtu mzima anaogopa vitachanika, halafu aje aulizwe. Mwongozo huu unasimama upande mwingine: kitabu cha hadithi kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na kilichokaa miaka mitano bila kuguswa ndicho kilichopotea.

Nauandika kwa mwalimu aliyekabidhiwa maktaba bila kusomea ukutubi, mwenye vipindi vyake kama wenzake, na shule isiyo na fedha za kuajiri mtu. Kwa hiyo sitakuambia uanze na jengo.

1. Toa vyote nje, vichambue

Chagua siku isiyo na mvua, tandika mikeka barazani, toa kila kitabu. Gawa mafungu: vya kiada, hadithi za Kiswahili, hadithi za Kiingereza, na vya rejea kama kamusi na atlasi. Fungu la mwisho ni la visivyofaa, na hapo usione haya. Shule zetu zimepokea misaada ya kila namna, pamoja na vitabu vya kodi za nchi nyingine na miongozo ya kompyuta za zamani. Vikikaa rafuni vinamfundisha mtoto kwamba maktaba ni mahali pa vitabu visivyomhusu. Mweleze mwalimu mkuu na kamati ya shule, fuateni utaratibu wa kufuta mali ya shule, viondoke.

Vya kiada navyo vipe mahali pake. Mtoto akiingia maktaba akakuta kitabu kile kile alichotoka kufanyia zoezi darasani, hana sababu ya kurudi kesho.

Baada ya hapo huenda ukabaki na hadithi hamsini au sitini zinazofaa. Zinatosha kuanzia. Zipige mhuri wa shule, kila kitabu kipe namba yake, kisha ziandike kwenye rejesta: namba, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, kilikotoka, na hali yake siku hiyo. Mfumo wa namba wa Dewey, uliobuniwa Marekani mwaka 1876, ni wa maktaba kubwa. Kwa vitabu mia mbili au mia tatu vya watoto hauhitajiki, na muda utakaoutumia kuujifunza ni bora uutumie kuwasomea watoto.

2. Mahali pa kusomea, na maadui wa karatasi

Chumba kikiwepo, vizuri. Kisipokuwepo, kona ya darasa yenye mkeka inatosha, au sanduku la bati lenye kufuli linalohamishwa darasa hadi darasa. Shule yenye watoto wa zamu ya asubuhi na ya mchana mara nyingi hufanikiwa zaidi kwa sanduku, kwa kuwa linawafuata watoto wa zamu zote mbili.

Kitu cha kuangalia sana ni unyevu na wadudu. Ukanda wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, una hewa ya chumvi na unyevu, na mvua za Desemba hadi Aprili hufanya kurasa zikunjike na kuota ukungu. Ndani, kuelekea Nachingwea na Nanyumbu, adui mkubwa ni mchwa. Rafu iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Miguu yake isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo, lakini makopo yasogezwe chini kabisa ya rafu, watoto wasiyapige teke. Fungua madirisha asubuhi, yafunge kabla ya mvua. Kitabu kilicholowa kianikwe kivulini penye upepo, kikiwa kimesimama na kurasa zimeachana. Jua kali hukikunja jalada.

Kurekebisha ni kazi ya kila Ijumaa. Usitumie selotepu mgongoni mwa kitabu: baada ya muda inakauka, inabanduka na kuacha doa la njano. Chukua gundi nyeupe ya fundi seremala, paka nyembamba kwa kijiti kwenye mgongo uliofunguka, bandika ukanda wa kitambaa cha pamba uliokatwa kwenye shati kuukuu, kisha kandamiza kitabu chini ya tofali mpaka kesho yake. Gundi ya unga wa muhogo ibaki kwa picha za ukutani. Kwenye kitabu inaita mende.

3. Panga vitabu kwa macho ya mtoto

Mkutubi wa kweli hupanga migongo ya vitabu ikitazama nje. Kwa watoto, geuza majalada ndiyo yatazame nje, hata kama utaonyesha vitabu ishirini tu kwa wiki na vingine vikasubiri. Mtoto wa darasa la pili havutwi na mgongo wenye maandishi madogo. Anavutwa na picha ya fisi. Kama rafu hairuhusu, funga kamba ya katani kutoka ukuta hadi ukuta, tundika vitabu vyembamba vikiwa vimefunguliwa katikati. Kamba iwe usawa wa kifua cha mtoto, siyo cha kwako.

Kisha weka alama za rangi. Nyekundu: picha kubwa na sentensi moja au mbili kila ukurasa. Njano: aya fupi. Kijani: hadithi ndefu yenye sura. Usiandike "darasa la kwanza" au "darasa la nne" juu ya jalada, maana mtoto wa la tano anayebabaika kusoma hatashika kitabu kilichoandikwa la kwanza mbele ya wenzake. Rangi haimwaibishi mtu.

Wafundishe pia kanuni ya vidole vitano. Mtoto afungue ukurasa wowote, aanze kusoma, na kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho bado ni kigumu kwake kukisoma peke yake. Asinyang'anywe. Akitaka kukichukua kwa ajili ya picha, au asomewe na kaka yake, aende nacho.

4. Wasomee kwa sauti, kila siku

Ukishindwa hatua nyingine zote za mwongozo huu, shika hii. Mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu hajawahi kusikia sauti ya kitabu kinachosomwa vizuri. Anachojua ni sauti ya darasa zima likiimba silabi ubaoni. KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ni lazima, sibishani na hilo, ila kujua herufi peke yake hakumpi mtoto hamu. Hamu inatoka kwenye kutaka kujua sungura ametokaje kisimani.

Dakika kumi na tano zinatosha. Wakati mzuri ni baada ya uji, au dakika za mwisho kabla ya kuondoka. Kitabu ukisome mwenyewe jana yake, ujue wapi pa kupunguza sauti na wapi pa kunyamaza kidogo. Waketi mkekani, wewe kaa kwenye kiti kifupi, kitabu kikiwa ubavuni pako ili waone picha wakati unasoma. Waite kwa namna wanayoijua:

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Halafu soma jina la hadithi na jina la mwandishi. Watoto wajue kwamba hadithi iliandikwa na mtu, na kwamba wao nao wanaweza kuandika.

Unaposoma, usigeuze hadithi kuwa kipindi cha msamiati. Neno gumu likija, lieleze kwa neno moja la haraka uendelee. Kijijini Tandahimba au Newala, mtoto wa darasa la kwanza huenda nyumbani anasikia Kimakonde tupu. Ruangwa ni Kimwera. Masasi Kimakua na Kiyao. Ukilijua neno kwa lugha ya nyumbani, litaje, utaona nyuso zinavyofunguka, kisha rudi kwenye Kiswahili. Na mtoto anaposoma yeye kwa lafudhi ya kwao, usimkatize kumsahihisha matamshi. Mwache afike mwisho wa sentensi.

Simama mara moja au mbili uulize: "Mnadhani atafanyaje?" Jibu lolote lipokee. Kama hadithi ni ndefu, katiza mahali pa moto, funga kitabu, kirudishe rafuni mbele ya macho yao. Kabla ya kengele ya mwisho atakuja mtu kukuuliza kama anaweza kwenda nacho. Mwandikie jina papo hapo.

Hapa naomba jambo moja kwa walimu wenzangu: hadithi ikiisha, iishe. Kila kitabu kikifuatiwa na maswali kumi ya ufahamu na muhtasari wa ukurasa mzima, mtoto atajifunza kukwepa vitabu, na atakuwa na haki. Kadhalika tusimpeleke maktaba mtoto aliyekosa kama adhabu, wala tusimnyime maktaba kwa sababu hiyo hiyo.

5. Kiende nyumbani

Hapa ndipo maktaba nyingi hukwama. Vitabu vinasomwa chumbani nusu saa kwa wiki, kisha kufuli. Nusu saa kwa wiki haitoshi kumfanya mtu yeyote awe msomaji.

Anza na kikao cha wazazi, kabla ya mtoto wa kwanza kuazima. Swali la kwanza litakuwa lile lile popote utakapokwenda: "Mwalimu, mtoto akikichana, mimi nitalipa na nini?" Mzazi anayeogopa faini atamwambia mwanawe arudishe kitabu kabla hajakifungua. Kwa hiyo kubaliana na kamati mapema kwamba hakuna faini, na lijibu mbele ya wote: "Hulipi, mama. Mwambie akirudishe hata kikiwa vipande, sisi tutakigundisha." Halafu onyesha kitabu kimoja kilichorekebishwa, kipite mkono hadi mkono.

Daftari la kuazima liwe na safu tano tu: tarehe, jina la mtoto na darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kurudisha, na sahihi au alama ya aliyepokea. Kitabu kimoja kwa mtoto, wiki moja. Anayetaka kuongezewa muda akilete aonekane nacho, aandikwe upya. Kila darasa lipewe siku yake, mfano la tatu Jumatatu, la nne Jumanne, ili foleni isikushinde.

Kila kitabu kinachotoka kitoke ndani ya mfuko. Mama zao wanaweza kushona mifuko ya vipande vya khanga, au mtumie viroba vya unga vilivyofuliwa. Mifuko ya salfa msitumie hata kama imeoshwa mara ngapi. Tunayo mingi kwa sababu salfa ni dawa ya mikorosho, lakini unga wa salfa unawasha macho na ngozi, na haufai karibu na mikono ya mtoto anayekula na kusoma.

Kitabu kikipotea, na vitapotea, mtoto asifungiwe maktaba. Ajiunge na kazi ya Ijumaa ya kugundisha kwa wiki kadhaa, aendelee kuazima. Mtoto aliyefungiwa hatakileta tena hata akikiona chini ya kitanda, maana ameshamalizana nanyi.

Nyumbani nako si lazima mzazi awe anajua kusoma. Waombe kitu kimoja: mtoto akirudi na kitabu, aambiwe, "Hebu nisomee." Bibi anayesikiliza huku anachambua mbaazi anatosha kabisa.

6. Wakutubi wadogo

Chagua watoto sita wa darasa la nne na la tano, wasichana watatu na wavulana watatu. Usichague wenye alama za juu tu. Mtoto mtundu mwenye maneno mengi mara nyingi ndiye anayewauzia wenzake kitabu vizuri kuliko wote. Wafundishe kuandika daftari, kupanga rangi na kupokea kitabu kilichorudi. Mstarini Jumatatu mmoja wao asimulie kitabu alichokimaliza kwa dakika mbili, akomee kabla ya mwisho. Wabadilishe kila muhula. Funguo zikae na mwalimu, lakini pia mwalimu wa zamu awe na nakala, ili maktaba isifungwe kwa sababu wewe umeitwa wilayani.

7. Vitabu vya kwetu

Vitabu vya kununua haviwezi kutosha, na vichache vinataja mahali ambapo mtoto wa Mtama au Liwale anapajua. Vilivyobaki tutengeneze.

Mwalike bibi au babu kijijini aje asimulie ngano, akipenda hata kwa Kimwera. Aamkiwe vizuri, aketi kwenye kiti cha mbele. Watoto wa darasa la tano na la sita waandike kwa Kiswahili walichosikia, wewe usahihishe nao pamoja, wachore picha, kisha kunjeni karatasi za A4 katikati na kuzishona mgongoni kwa sindano na uzi mnene. Jalada liwe manila. Kiandikwe jina la msimulizi na majina ya waliokiandika, kipewe namba, kiingie rejestani kama vitabu vingine. Mtoto akikuta jina lake rafuni, atamleta hata mdogo wake wa awali aje kuliona.

Na visiwe ngano tu. Mkoa wa Lindi una Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, ikabebwa na wapagazi wetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Ujerumani. Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Waambie watoto wapime mita 13 kwa kamba uwanjani, walale chini mmoja baada ya mwingine kuona wangapi wanaenea, halafu warudi ndani waandike. Kilwa Kisiwani, alikofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 na ambayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, ni kitabu kingine. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vina wazee waliosikia habari zake kwa babu zao. Gesi ya Mnazi Bay, wachongaji wa vinyago, safari ya korosho kutoka shambani hadi mnadani: vyote hivi watoto wanaweza kuvifanyia utafiti kwa kuuliza watu.

8. Kupata vitabu zaidi

Fuata kalenda ya mfuko wa mzazi. Mchango wa hiari ukiuomba Februari utaambulia pole. Uombe wakati wa korosho, Oktoba hadi Desemba, au Lindi baada ya kuuza ufuta katikati ya mwaka. Kiwango kiwe kidogo na ombi liwe la kitu kinachoonekana: "Kila kaya kitabu kimoja cha hadithi." Peleka orodha ya majina ya vitabu, na mkinunua, kila kilichonunuliwa kiandikwe ndani jina la kijiji.

Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya 1975, ni mahali pa kwenda kuomba ushauri na kuuliza namna shule inavyoweza kujiunga. Nenda mwenyewe na barua ya mwalimu mkuu. Mwenye simu janja aingie pia kwenye tovuti ya African Storybook, ambako kuna hadithi nyingi fupi za watoto kwa Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapishwa na kugawiwa bure. Zichapishe nyeusi na nyeupe steshenari, watoto wapake rangi picha wenyewe. Zisome kwanza: nyingine zina Kiswahili cha Kenya, na neno moja moja utataka kulieleza.

9. Kupima bila kuharibu

Usitoe zawadi kwa aliyeazima vitabu vingi. Utapata watoto wanaobeba vitabu kwenda na kurudi bila kuvifungua. Angalia mambo haya kwenye daftari la kuazima kila mwisho wa mwezi: watoto gani hawajaazima kabisa, na vitabu gani havijatoka. Wa kwanza kaa nao mmoja mmoja, uliza wanapenda nini, mpira, nyoka, uvuvi, kisha uwatafutie. Vya pili vibadilishie mahali, au uvisome kwa sauti wiki inayofuata. Ukiona wasichana wa darasa la sita wamepotea kwenye daftari, uliza wanaondoka saa ngapi na wanakwenda kufanya nini. Huenda tatizo ni saa ya kufungua.

10. Msimu na likizo

Msimu wa korosho ukianza watoto wengi huamkia mikorosho kuokota kabla ya kuja shule, wengine hawaji kabisa. Wiki hizo ongeza muda wa kuazima uwe wiki mbili, na fungua maktaba mchana badala ya asubuhi. Likizo ndiyo wakati wa jando na unyago, kwa hiyo baadhi ya watoto watakuwa mbali na nyumbani; waulize kabla hujawaandikia, na wasiokwenda wapewe vitabu viwili viwili. Usifungie vitabu stoo mwezi mzima wa Desemba, ndipo mtoto ana muda.

Wiki ya kwanza shule ikifunguliwa Januari, hesabu vilivyorudi kwa kufuata rejesta, andika hali ya kila kimoja, vilivyoharibika viende kwenye gundi. Vilivyosalia virudishe rafuni na kuazimisha siku hiyo hiyo, hata kama ratiba ya vipindi bado haijabandikwa.